Lenzi Iliyolaumiwa

Siku studio ya Twalibu ilipoamka imefungwa, wateja wake wa mtaa wa Bwiza walidhani amesafiri. Ndani, kamera ilining'inia msumarini na kiti chake cha mbao kilikuwa kimesukumwa chini ya meza. Haukupita muda, majirani wakaanza kupita kumpa mkewe pole, wakizungumza kwa sauti ya chini.

Mwanne hakutaka pole. Alitaka mtu wa kulaumiwa. Akaishusha kamera, akachomoa lenzi, akaifunga kwenye kitambaa na kwenda nayo mtaa wa Asiatique, dukani kwa Tajudini.

"We njo uliuzisha bwana yangu hii kitu," alisema bila salamu.

Tajudini, aliyejifunza kazi ya picha pamoja na Twalibu walipokuwa vijana, aliacha kufuta kioo cha kabati.

"Karibu kwanza, shemeji. Kaa."

"Sikuje kukaa."

Akamwaga picha juu ya kaunta. Ilikuwa harusi ya mwisho aliyoipiga Twalibu. Uso wa bibi harusi ulikuwa kama umepakwa maziwa. Nyuma yake, maua ya pazia yalionekana uzi kwa uzi. Katika nyingine, sikio la bwana harusi lilikuwa safi kabisa, macho yake yamepotea. Mjomba wa bibi harusi alizitupa picha hizo mlangoni pa studio mbele ya watu, akimwita Twalibu mlevi, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe.

"Jina yake imechafuka juu ya lenzi yako," Mwanne alisema. "We uuzishe kitu mubovu, aibu abebe yeye?"

"Hii duka haiuzishake kitu mubovu. Tutapima."

"Pima. Na mi nasimama apa nione mikono yako, mwizi we."

Tajudini alibandika gazeti ukutani, akasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akaivika lenzi. Aliifungua hadi mwisho, pale ambapo mwanga unaingia kwa wingi lakini upana wa kidole tu ndio unaobaki mkali; ukikosea kidogo, umekosa. Hakuiacha kamera ijilengee. Alizungusha pete ya lenzi kwa mkono, kama alivyofanya siku zote Twalibu, ambaye hakukubali mashine imchagulie pa kutazama. Akapiga, akaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Herufi ndogo za matangazo ya vifo zilisomeka, hata zile za pembeni.

"Gazeti haiko uso ya mutu," Mwanne alisema.

Tajudini akapanga viberiti mezani kwa mshazari, kimoja nyuma ya kingine, akalenga cha katikati. Kikatoka kikali. Vya mbele na vya nyuma vikafifia sawasawa.

"Umeona? Inapiga pale unaiambia."

"Rudia."

Akarudia, sasa akivibamiza viberiti juu ya meza. Ikawa vilevile. Kisha akamgeuzia kamera yeye mwenyewe.

"Simama vile vile na hasira yako."

Mwanne akajiona kwenye kioo: kope moja moja, na ufa mwembamba kwenye mdomo wake wa chini.

"Iko kama wembe, shemeji. Nikilenga mi, inakata. Akilenga bwana yako, inakamata pazia. Sasa mubovu ni nani?"

"Funga kinywa yako."

"Mi sipendake kusema mutu wakati hayuko apa ajitetee. Lakini we njo umenilazimisha."

Mwanne hakushangaa. Aliirudisha lenzi kwenye kitambaa, akaegemea kaunta, akateremsha sauti.

"Sema iko mubovu."

"Nini?"

"Sema lenzi iko mubovu. Na useme kwa nguvu, mpaka inje wasikie."

Tajudini akacheka, cheko kavu. "Wapi! Nijichafue mbele ya Asiatique yote? Jina ya mutu mumoja ipone, yangu ikufe?"

"We uko na duka. Yeye alikuwa na jina tu."

"Basi angeichunga. Toka, Mwanne. Toka mbele sijakosa adabu."

Hakutoka. Alisimama pale pale, amekumbatia kitambaa chake, akimkazia macho. Tajudini akazunguka kaunta, akalivuta pazia la mlango kwa nguvu ili amtoe watu wakiona.

Kwenye ngazi, pale Mwanne alipomwacha, alikuwa ameketi Twalibu, kanzu yake imepigwa pasi, kiganja kimoja kimeshika ukuta. Akainua uso kumtazama Tajudini, aliyesimama mbele yake na ndevu zake zote katika mwanga wa mchana.

"Pardon, dada," Twalibu alisema. "Tajudini iko mu duka?"

Tajudini aliliachia pazia.

"Ni mi, Twalibu."

"Aa. Ni hii jua." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya mkono wa kanzu. "Niambie ukweli, ndugu yangu. Ni lenzi?"

Wapita njia walikuwa wamesimama kusikiliza ugomvi.

"Ni lenzi," Tajudini alisema kwa nguvu. "Ilikuwa mubovu toka mwanzo."

Sasa kila Ijumaa, baada ya sala, Twalibu husimama mlangoni pa msikiti akiwaonya watu wasinunue kitu kwa mwizi yule Tajudini. Tajudini huvaa viatu vyake hapo hapo kando yake, bila kutoa sauti.