Maji Hayajaiva

Meshack alitumbukiza dagaa wachache ndani ya tangi jipya la kioo lisilo na kiumbe chochote, akavuta kiti, akakaa kusubiri waoze.

Hakukaa sana. Aliinuka, akagusa maji kwa kidole, akasogeza feni, kisha akaenda dirishani kutazama barabara ya vumbi ya Ipagala kana kwamba mkewe angetokea muda huohuo. Ruthu alikuwa Mlali, kwa binti yao Lydia aliyejifungua. Alisema atarudi mzazi akipata nguvu. Hakusema lini, na hilo ndilo lililomnyima Meshack raha.

Tangi la zamani lilikuwa limeachia mshono Jumapili, yeye akiwa kanisani. Aliporudi alikuta sebule imelowa, na chini ya meza, juu ya saruji, aksolotli amelala mkavu: yule mnyama mweupe wa majini mwenye vimiguu vinne na matamvua mekundu pembeni mwa kichwa, ambaye majirani walimwita mjusi. Alimfukia nyuma ya nyumba, akapiga deki.

Mnyama huyo alikuwa wa Stanley, mtoto wao wa kwanza, aliyemleta nyumbani ndani ya ndoo wakati anasoma chuo. Stanley aliugua ghafla akafariki kabla hajamaliza masomo. Tangu hapo Meshack ndiye aliyemlisha minyoo kila asubuhi, akimsimulia habari za mvua na za mashamba, huku Ruthu akiwatazama kutoka mlango wa jikoni. Hakuwahi kusogea karibu. Meshack aliamini ni kwa sababu uchungu wake ulikuwa bado mbichi.

Akisikia na mnyama amekufa, aliwaza, hatainuka tena.

Kwa hiyo alikwenda Mkonze kwa Mazengo, kijana aliyesoma na Stanley, ambaye bado aliwazalisha wanyama hao nyumbani kwake. Mazengo alimwamkia kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa naye mweupe mmoja wa ukubwa uleule, lakini alikataa kumtoa siku hiyo. Alieleza kwamba kinyesi cha mnyama huleta amonia majini, nayo ni sumu. Lazima kwanza bakteria wa kuila wazaliane ndani ya chujio la tangi, kisha wengine wa kula sumu ya pili inayobaki. Bakteria hao hawana haraka. Walishwe uchafu kidogo, hata dagaa wa kuoza, na wasubiriwe. Alimkatia kipande cha sponji chenye tope kutoka kwenye chujio lake kiwe mbegu, akampa na vichupa vya matone ya kupimia sumu hizo kwa rangi.

"Mama amejua?" aliuliza.

"Hajui, wala asijue," alisema Meshack. "Hili libaki kati yetu."

Mazengo aliinama kuitia sponji ile kwenye mfuko wenye maji. Fundo dogo tu, lakini alichukua muda kulifunga.

"Mimi, mzee, mambo ya nyumba yenu sijawahi kuyatoa nje."

Ndipo kusubiri kulipoanza. Meshack aliacha maji ya bomba yakae kwenye ndoo mpaka dawa itoke, akajaza tangi, akaitia ile sponji kwenye chujio, akawasha pampu. Alipima asubuhi, akapima tena kabla ya chakula cha mchana ingawa alijua hakuna kilichobadilika. Matone ya amonia yalipaswa kubaki njano; yaligeuka kijani. Yalipoanza kufifia, yale ya sumu ya pili yakageuka zambarau. Joto lilipopanda aligandisha chupa za maji na kuziacha zielee ndani ya tangi. Umeme ulipokatika alikoroga maji kwa mkono mpaka uliporudi. Ugali alikuwa anaula amesimama.

Ruthu alikuwa akipiga simu. Alizungumzia mjukuu, kisha akauliza kama mjusi anakula. Meshack alijibu kuwa anakula vizuri, macho yake yakiwa kwenye tangi tupu. Siku moja mkewe alimwambia kuwa Lydia sasa anatembea vizuri, na kwamba yeye atapanda gari Jumamosi.

Meshack alirudi Mkonze mbio, akamsihi Mazengo ampe mnyama hivyohivyo. Mazengo alimuuliza rangi ya matone. Ilikuwa bado zambarau.

"Maji hayajaiva," alisema Mazengo. "Ukimweka leo utakuja kuomba mwingine."

Ijumaa asubuhi matone ya amonia yalibaki njano, na yale mengine yakatulia kwenye buluu ya anga. Meshack hakuamini, akarudia kupima. Alibadilisha sehemu kubwa ya maji kama alivyoelekezwa, akachukua bajaji kwenda na kurudi, ndoo ikiwa katikati ya miguu yake. Jioni hiyo aksolotli alikuwa anatembea taratibu juu ya mchanga, matamvua yakipepea.

Ruthu alifika na vumbi la safari mabegani. Walisalimiana, akaeleza mtoto anafanana na nani. Kisha akaona tangi. Meshack aliharakisha kusema kuwa lile la zamani lilikuwa linavuja, ndiyo maana amelibadilisha. Mkewe alitua mzigo, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akainama pale muda mrefu.

Ruthu alinyooka, akavuta kiti, akamshika mumewe mkono na kumkalisha.

"Huyu sasa ni wa tatu, Baba Stanley," alisema. "Wa Stanley alikufa wiki ya msiba, ulipokuwa umelala umeelekea ukutani, huli wala huongei. Yule uliyekuwa ukimlisha nilimwomba kwa Mazengo."