Makuyu ya Hondohondo

Kwa desturi ya ndege hondohondo, mke alilalia mayai ndani ya shimo la mti lililozibwa kwa tope, ukabaki ufa mmoja. Mumewe alimlisha makuyu, matunda ya mkuyu, kupitia ufa huo.

"Hali yako, mke wangu?"

"Vibaya kidogo."

Mume akaongeza makuyu. Kila aliposikia "vibaya" aliongeza mengine, na sauti ya mke ikazidi kufifia.

Jirani yao Kindi, mdadisi, akauliza, "Shemeji, vibaya vipi?"

"Sipati hewa. Makuyu yameziba ufa."

Mume akabomoa tope kwa mdomo.

"Nilidhani ni njaa," alisema.

"Nami nilidhani umeelewa."

Jioni alimuuliza tena hali.

"Mguu wa kushoto una ganzi," mke akajibu, "na nina upweke."

Mume hakwenda kutafuta makuyu. Alikaa.