Maji ya Fundi wa Nyasi

Siku hizo Dodoma, nyumba ambayo nyasi zake zimekauka ilinyang'anywa, na fundi wa nyasi alilipwa kwa maji.

Fundi alizunguka ua wa Sechelela, akapiga magoti, akapapasa majani. "Zimechoka sana, dada. Mwaka huu bei ni mgao wa maji wa mtu mmoja. Atakayenipa maji kwa mkono wake ndiye atakayekatwa mgao wake."

Sechelela alikwisha kuamua kuwa atakatwa yeye. Aliingia ndani kuchukua bilauri yake.

Aliporudi alimkuta mama mkwe wake uani. Masikio ya bibi yule yalikuwa mazito, bei hakuisikia. Alichokiona ni mgeni aliyeachwa juani, na yeye alilelewa kumpokea mgeni kwa maji.

"Karibu, mwanangu," alisema, akimnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Fundi alimtazama Sechelela, kisha akapokea, maana maji ya kupewa na mzee hayakataliwi. Saa ya mkononi ya fundi ikalia mara moja, kumwandika aliyetoa.

Sechelela alisimama mlangoni na bilauri yake imejaa.

"Kunywa yote, baba," bibi alimhimiza fundi. "Mengine yapo ndani."