Bangili ya Bi. Mwatime

Klabu ya muziki ilitaka kubaki na amplifaya moja tu. Itakayoshindwa kwenye shindano la siku hiyo ingeuzwa kama chuma chakavu. Fundi Sudi alileta ya transista, ndogo na nyepesi. Fundi Hemedi aliitetea ile kongwe, yenye taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwamuzi alikuwa Bi. Mwatime, na santuri ya kuzipimia ilikuwa yake mwenyewe, aliyoiimba akiwa msichana.

"Siku ile ya kurekodi waliniambia nivue bangili zote zisilie," alisema, amezipa mashine kisogo. "Moja ikakataa kutoka. Basi mimi naisikilizia hiyo."

Ikaanza transista. Kwenye ubeti wa tatu bangili ikalia, cheng, kana kwamba iko pale mezani.

"Hiyo hapo!" Sudi aliruka. "Mmeisikia?" Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

Ikaja zamu ya taa. Sauti ilitoka nene, ya karibu, hata Bi. Mwatime akajishika kifua. Ubeti wa tatu ukapita. Bangili haikusikika kabisa.

Hemedi akainama kuchomoa waya.

"Wee Hemedi, usiguse!" Bi. Mwatime aligeuka, macho yanamng'aa. "Rudisha mwanzo! Huyo ndiye mimi, kilichokosekana ni bangili tu."

Sindano ikarudi. Ubeti wa tatu ulipokaribia, Bi. Mwatime akainua mkono juu, bangili ileile bado imembana, akingoja mahali pake aitikise.