Sinia la Nukta Mbili

Siku ya hitima ya mama yake, Bi Mwanakheri alizikataa sahani za plastiki za kutupa alizonunua mpwa wake, Raya.

"Kesho zote zitakuwa mtaroni," alisema. "Kaazime masinia kwa majirani."

Watu walipokwisha kula na kuondoka, wawili hao waliosha masinia, wakayatenga kwa alama za rangi ya kucha ambazo kila mwanamke huzipaka chini ya vyombo vyake. Moja lilikuwa na nukta mbili nyekundu. Bi Mwanakheri aliligeuza tena.

"Ulikwenda kwa Sikudhani?"

"Sikuthubutu, shangazi. Alilileta mwenyewe, akaliacha kizingitini."

Sikudhani alikaa nyumba ya pili. Tangu wagombane, miaka mingi nyuma, hawakuwa hata wakisalimiana.

"Nimrudishie?" Raya aliuliza.

"Likiwa tupu? Hapana. Nitapeleka mimi."

Alipanga vitumbua juu yake, akavifunika kwa kawa, akatoka. Mlango wa Sikudhani ulikuwa umefungwa. Mikono yote miwili ya Bi Mwanakheri ilikuwa imeshika sinia, hakuweza kugonga.

Ilimbidi amwite kwa jina.