Mgonjwa wa Profesa Chakladar

Profesa Chakladar alitia saini karatasi zote tatu za makala mpya bila hata kuweka chini kikombe chake cha chai.

"Jina langu limekaa wapi?" akauliza.

"La pili, Profesa," akajibu Daktari Shormila.

"La pili! Siku hizi adabu mmeipeleka wapi?"

"Tuko wawili tu, Profesa."

Katika maabara ile ya Dhaka hakuna makala iliyotoka bila jina la mkuu. Kama mkuu mwenyewe alishika hata kichupa kimoja, hilo hakuna aliyethubutu kuuliza. Kwa mtindo huo Profesa alikuwa amejikusanyia makala mia tatu na ushee, nyingine zikihusu viungo vya mwili alivyovisahau tangu mtihani wa mwaka wa pili.

"Haya, inahusu nini?"

"Mgonjwa mmoja. Nimemfuatilia miaka tisa."

"Amepona?"

"Wapi! Hata hajui kama anaumwa."

"Maskini wa Mungu. Na amekubali habari zake zichapishwe?"

"Keshatia saini. Ungependa kuisoma kwanza, Profesa?"

"Nisome ya nini, mama? Nakuamini."

Alichokitaka Profesa ni namba. Kiti cha mkurugenzi wa taasisi kilikuwa wazi, na kamati ya uteuzi ilipima watu kwa idadi ya mara walizonukuliwa na wanasayansi wenzao. Profesa Bhuiyan wa ghorofa ya juu alikuwa anamzidi kwa mia mbili kasoro kidogo. Mia mbili hizo zilimkaa Profesa Chakladar kooni kama mwiba wa samaki. Alikitamani kile kiti mpaka alikuwa ameshachagua rangi ya mapazia.

Makala ilitoka Februari. Mvua kubwa zilipoanza, ilikuwa imeshanukuliwa mara mia nne na kumi na mbili, kuanzia Tokyo mpaka Nairobi. Kila asubuhi Profesa alifungua simu, akatazama namba, akaifunga. Siku alipompita Bhuiyan alinunua masanduku sita ya vitamutamu vya roshogolla akagawa jengo zima. Watu walikula huku wanacheka mpaka shira ikawadondokea mashatini. Bhuiyan mwenyewe alishuka kumpongeza, akamkumbatia huku machozi yanamlengalenga.

Wivu huo, Profesa alijiambia, na roho yake ikaburudika.

Siku ya usaili alivaa koti jipya. Kamati ilikuwa na wajumbe watano, na mwenyekiti wao alikuwa Bi Lutfunnahar, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo.

"Makala yako ya mwaka huu imevuma kweli, Profesa," alianza. "Huyo mgonjwa unamfahamu?"

"Kama ninavyojifahamu mwenyewe, mheshimiwa."

Mjumbe wa pembeni akakohoa kwenye leso.

"Unamwona mara ngapi?"

"Kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai." Uongo ulimtoka laini, akanogewa. "Daktari Shormila ni mwepesi wa kuandika, sikatai. Lakini mzigo wa mgonjwa huyu nimeubeba mimi. Bila mimi, utafiti huo usingekuwapo."

"Hilo hatubishi," alisema Bi Lutfunnahar. "Na kupona je, kuna matumaini?"

Profesa alishusha sauti, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kusema kweli, kwa umri wake sidhani. Tumemwachia Mungu."

Wajumbe wawili waligeukia dirishani, mabega yakiwatikisika. Profesa aliona wameguswa. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na pale pale akaamua kwamba atampandisha Shormila cheo, japo kidogo tu, asije akavimba kichwa.

"Basi tumalizie," alisema mwenyekiti, akimsogezea nakala ya makala. "Tusomee kichwa chake, katibu akiingize kwenye kumbukumbu."

Profesa Chakladar alivaa miwani, akasimama wima, akasoma kwa sauti nzito ya mkurugenzi:

"'Ugonjwa wa Kutia Jina Kwenye Makala Usizozisoma: Taarifa ya Mgonjwa Mmoja, Mkuu wa Maabara, Dhaka.'"