Dirisha la Stesheni

Miaka mitatu Verlin alisaka picha ya ukuta wa pembeni wa stesheni ya treni iliyobomolewa mjini kwao, Nebraska, Marekani, apate kumaliza mfano wake wa mbao wa stesheni hiyo. Sasa bibi mmoja, binti wa stesheni masta, alikuwa amemletea. Lakini pichani, mashuka matupu! Yameanikwa yakauziba ukuta wote.

"Madirisha yalikuwa mangapi, bibi?" aliuliza akisaga meno.

"Moja. Mama alichungulia hapo kila treni ilipoingia, akimngoja kaka arudi kutoka vitani. Barua ya jeshi ya kifo chake ilipokuja, baba akalipigilia mbao."

"Mwaka gani?"

"Arobaini na nne."

Verlin aliguna. Mfano wake ulionyesha stesheni ya mwaka wa arobaini na tano. "Basi nitalitengeneza limezibwa."

Bibi akamsogezea wembe wake wa kuchongea. "Likate, mwanangu. Liwe wazi."